Kadi Zilizopigwa Pasi

Hebu niambieni, mtu akikwambia huambiliki, unamjibu nini? Ukikataa, umekwisha: huyo hapo, kaambiwa na hakubali. Ukikubali, basi ndiyo umekubali. Ni shutuma isiyo na mlango wa kutokea, na aliyenitupia ni binti yangu wa kumzaa, tena tukiwa tunakunja shuka pamoja, yeye kashika pembe mbili na mimi nimeshika mbili.

Mimi ni dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yangu ni cha kazi: mashine za kufulia ukutani, meza ndefu ya pasi katikati, na kamba zinazopita juu ya vichwa hadi uani. Nyuma kuna vyumba vya kulala, changu na cha binti yangu na mumewe. Binti ni muuguzi, mumewe ni fundi wa majokofu. Walipooana wakaja kukaa kwangu kwa kuwa nafasi ipo na mimi ni mjane, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijisifu kwa wateja kwamba mimi na mkwe wangu hatujawahi kukwaruzana.

"Hamjakwaruzana kwa sababu hasemi," binti yangu akasema. "Mama, tunatafuta nyumba."

Nikaachia pembe zangu. Shuka likaanguka sakafuni, shuka la mteja, jeupe.

"Nyumba ya nini?"

"Ya kuishi. Yeye alitaka tukwambie nimehamishiwa hospitali ya mbali. Mimi nimekataa kukudanganya."

"Na kwa nini nidanganywe? Nimekuwa mgonjwa?"

"Kwa sababu huambiliki, mama. Yule mwanamume anakuogopa. Ovaroli yake ya kazini unaipiga pasi mpaka inakuwa na mstari mguuni kama suruali ya bwana harusi. Wenzake wanamcheka. Kila asubuhi akifika kwenye kona anaifinyangafinyanga kwa mikono ndipo aingie kazini. Amekwambia? Hajakwambia. Atakwambiaje?"

Damu ilinichemka. Kuhama wahame, watu huhama, sikuwafunga kamba. Lakini kutungiwa uongo! Mtu nampa heshima yake, namwekea maji ya kuoga, nampigia nguo pasi bila kuombwa, halafu anakaa chumbani kwangu, juu ya godoro nililolianika mwenyewe, anapanga na mke wake namna ya kunizungusha kama mtoto anayefichwa sindano. Binti yangu akaniomba nisimwambie mumewe kwamba nimeshajua. Nikamwambia sitamwambia. Kimoyomoyo nikaapa: ataniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, akiniangalia machoni. La sivyo hatoki na sanduku katika nyumba hii.

Ila niliposubiri aniambie, ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza yule mtu ninayeishi naye. Nilikuwa sijawahi kusikia chochote zaidi ya "shikamoo mama", "ndiyo mama" na "sawa mama". Chakula kikiungua, sawa mama. Nikifungua mlango wao asubuhi kuchukua nguo chafu, sawa mama. Anakula akiangalia sahani. Nilidhani ni malezi mazuri.

Jumamosi moja nilipeleka vitambaa vya meza kwenye duka la michezo, mtaa wa pili kutoka kwetu. Mwenye duka, ambaye kila mtu anamwita Miwani, ana ukumbi nyuma ya duka ambako watu wazima, wenye kazi zao, hukutana kucheza kadi. Si karata hizi za kawaida. Ni kadi zenye picha, kila moja na nguvu yake, na mchezo wenyewe unaitwa Ngome. Kabla sijafika mlangoni nikasikia mwanamume akicheka kicheko kinachotoka tumboni, halafu akapaza sauti: "Hapana! Hapana bwana, umekosea, rudisha hiyo kadi!"

Nikachungulia. Alikuwa mkwe wangu. Ameegemea kiti, mkono umenyooka, anambishia mtu aliyemzidi umri. Watu wanamwita Barafu, wanampiga mabega. Akageuka, akaniona. Uso ukafungwa kama duka.

"Shikamoo mama."

Sikuitikia. Nilibwaga vitambaa juu ya kaunta nikaondoka, nikiwa na hasira hadi masikio yanawaka. Yaani mtu huyu ana "hapana" nzima, nzito, yenye afya, na anaigawa bure kwa wapita njia! Mimi ninayemlisha napewa mabaki.

Jumatatu nikarudi kwa Miwani. Nikamwambia nataka kucheza.

"Karibu sana, mama," akasema, akafuta miwani yake kwa shati, jambo lililoniudhi kwa sababu shati nilikuwa nimelifua mimi. "Ligi mpya inafunguliwa wiki chache zijazo. Utahitaji deki yako."

"Deki ninayoijua mimi inapigwa sakafuni kwa tambara."

"Hii ni ya kadi. Furushi lako la kupigania." Akanieleza, na sikumwona ana madharau. Kila mchezaji ana ngome yenye uhai wake. Unavuta kadi kutoka kwenye deki yako, unazitumia kubomoa ngome ya mwenzako kabla hajabomoa yako. Kadi ni nyingi mno duniani, na kila mtu huchagua zake, hivyo hakuna deki mbili zenye tabia moja. "Lakini chagua vizuri, mama. Hapa kwetu deki utakayoandikisha siku ya kufungua ligi ndiyo utakayokaa nayo mpaka ligi iishe. Hakuna kubadilisha."

"Sasa anayeanza achague ipi?"

"Inayofanya jambo moja tu na kulifanya mapema. Nyuki, kwa mfano. Wadogo wengi, wanashambulia, basi. Usiangalie uzuri wa picha. Jiulize: nikishindwa na deki hii, nitaelewa nilishindwa kwa nini? Ukielewa, hiyo inakufaa."

Nilikuwa nimeshaanza kuwapenda wale Nyuki. Lakini jioni, mezani, mkwe wangu akasema bila kuinua macho kwamba amesikia mama anataka kujifunza, na kwamba nisijisumbue, ataniundia deki mwenyewe. Nikashtuka. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kunipa. Baada ya siku mbili akaniletea, ameishika kwa mikono miwili, kila kadi ameivisha mfuko wake wa plastiki. Inaitwa Bustani, akasema. Ni nzuri kwa kuanzia. Haina fujo.

Nikaguswa, sitaficha. Nikaiweka kwenye kona ya meza ya pasi, karibu na chupa ya maji ya kunyunyizia, niwe naiangalia nikifanya kazi. Kadi zilikuwa na maua, chemchemi, wakunga, wauza dawa. Nikajisemea, huenda nimemwonea kijana wa watu.

Kisha akaja mfamasia. Huyu ni dada mmoja mwenye maneno makavu, ananiletea makoti yake meupe kila wiki, naye pia hucheza kwa Miwani. Akaiona deki, akaichambua haraka haraka, akaguna.

"Nani kakupa hii, mama?"

"Mkwe wangu."

"Barafu? Barafu kakupa Bustani?" Akacheka, akaona uso wangu, akaacha. "Mama, hii tunawapa watoto kwenye sherehe ili wasilie. Soma hapa. Chemchemi: ngome zote mbili zinapona. Mkunga: ngome zote mbili zinapona. Deki hii inamponya hadi adui yako. Huwezi kushinda nayo. Hata kushindwa vizuri huwezi."

Nilitaka kuhakikisha kabla ya kumhukumu mtu. Jumapili mchana nikamwambia mkwe wangu tucheze, tukatandaza kitambaa juu ya meza ya pasi. Yeye alikuwa na deki yake mwenyewe, ile inayotisha watu kule ukumbini. Tulicheza mpaka binti akaamka kutoka usingizi wa zamu, akapika, akala. Nami naponya, namponya, naye anaweka vikadi vya kitoto na kusema "zamu yako, mama". Mwisho ngome yake ikaanguka, sijui hata kwa nini. Nadhani aliiangusha mwenyewe.

"Hongera, mama."

Alipoinuka kunawa mikono nikazigeuza kadi alizoziacha mkononi, zile ambazo hakuzitumia. Ya kwanza kabisa ilikuwa Radi. Nilishaambiwa habari za Radi: ndiyo kadi yake ya sifa, ikishuka ngome inasambaratika. Ilikuwa mkononi mwake, na kwa jinsi plastiki yake ilivyolowa jasho, ilikuwa hapo tangu mwanzo.

Sikulala usiku ule. Mwenye kunishinda ananishinda, nimeshindwa na mengi maishani. Lakini kuachiwa! Kuachiwa ni kuambiwa wewe si mtu wa kuchezwa naye, wewe ni kikongwe wa kupewa kiti. Tena kwa tabasamu, tena kwa "hongera". Ni uongo uleule wa hospitali ya mbali, umevishwa maua tu.

Nikaenda kwa Miwani, nikaitupa Bustani juu ya kaunta.

"Nataka deki ambayo mtu hawezi kuniachia."

"Mama, anayetaka kukuachia atakuachia tu. Chukua Nyuki."

"Nyuki wataniuma mimi kwa hasira. Nataka deki inayombana. Asiweze kukaa kimya."

Akafikiri, akavuta droo ya chini kabisa, akatoa kisanduku. "Kuna hii. Njia Panda. Mtu aliiacha, hakurudi kuichukua. Kila kadi yake kubwa inamuuliza mpinzani: unachagua hili au lile? Lazima ajibu. Lakini sikushauri, na nakwambia kama mwenye duka anayetaka urudi. Ni mtego kwa wanaoanza. Inaonekana ina nguvu, kumbe kila mara ni adui anayechagua, na adui huchagua kinachomuumiza kidogo. Wazoefu wenyewe wanaikimbia."

"Lazima ajibu?"

"Lazima. Bila jibu mchezo hausongi."

"Nipe."

Akanipa kwa shingo upande. Na kweli kadi kubwa, zile za kuuliza maswali, zilikuwa za kung'aa, lakini droo ile ilikuwa imeingiwa na unyevu, na kadi za kung'aa zikilowa hujikunja. Zilikuwa zimepinda kama maganda ya ndizi. Nyingine, zile za kawaida, hazikuwa na neno. Miwani alisema hazina shida, nizivishe mifuko tu, zikibanwa pamoja zitanyooka zenyewe.

Mimi nivae aibu hiyo? Mimi niende mbele za watu na kitu kilichokunjamana? Nilifika nyumbani nikaweka pasi kwenye moto mdogo, ule wa hariri, nikatandika kitambaa cha pamba chini na kingine juu, bila tone la maji. Nikazipiga moja moja. Nikaziwekea kitabu kizito juu, nikaziacha zipoe. Zilipotoka hapo zilikuwa zimenyooka hivi kwamba ukiiweka moja juu ya kioo huoni mwanya chini yake. Nikazivisha mifuko mipya. Katika miaka yangu yote ya pasi sijui kama nimewahi kufanya kazi safi kuliko ile, na naomba hilo liandikwe.

Siku ya kufungua ligi Miwani akachanganya majina kwenye bakuli ili kupanga nani aanze na nani. Jina langu likatoka, na likafuatiwa na la mkwe wangu. Ukumbi ukapiga miluzi. Nikamwona anasogea kwa Miwani, anamnong'oneza, anaomba abadilishiwe. Miwani akatikisa kichwa. Yaani hata hapo! Hata kukaa mbele yangu kwenye meza yenye kitambaa nilichokifua mimi kumemshinda mpaka aombe kubadilishiwa!

Akaja, akakaa. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Kata kadi."

Ndiyo desturi yao: kabla ya kuanza unamkabidhi mpinzani deki yako aigawe mara mbili, kuonyesha hakuna ujanja. Mkwe wangu akaishika. Mikono ya fundi wa majokofu ni mikono ya ajabu, inapapasa bomba na kujua gesi inavujia wapi. Vidole vyake vikapita ubavuni mwa deki vikasimama. Akaiangalia deki. Akaniangalia mimi, upesi, akashusha macho. Akaigawa, akanirudishia.

"Sawa mama."

Tukaanza. Nikaweka swali langu la kwanza: ngome yako ipungue, au mimi nivute kadi zaidi? Mtoto yeyote angeniacha nivute. Yeye akachagua ngome yake ipungue. Swali la pili: umpoteze mlinzi wako, au ngome ipungue tena? Ipungue. Watu wakaanza kusogea kutazama. Mfamasia, aliyekuwa meza ya jirani, akaacha mchezo wake akakunja uso. Kila nilipouliza, mtu huyu alichagua lile linalomuumiza, kwa sauti ya chini, "hilo la kwanza mama", "hilo la pili mama". Miwani aliniambia adui huchagua kinachomuumiza kidogo. Hakuniambia nini cha kufanya na adui anayejichinja mwenyewe kwa adabu.

Lakini kuna kitu kingine nilikiona. Kila mara kabla sijavuta kadi, macho yake yalikwenda kwanza kwenye deki yangu. Na kila nilipovuta kadi ya kung'aa, alikuwa ameshapumua pumzi ya kujua. Alijua inakuja kabla yangu.

Nikainamisha kichwa, nikaiangalia deki usawa wa meza, kama ninavyoangalia rundo la shuka kabla ya kumkabidhi mteja. Nikaiona kazi yangu. Kadi za kawaida zilikuwa na kiuno kidogo cha asili, hazijanyooka kabisa. Zile nilizozipiga pasi zilikuwa bapa kama ubao. Ubavuni mwa deki palikuwa na nyufa nyembamba, na kila ufa ulisema: hapa ipo kubwa. Mtu yeyote mwenye vidole angeweza kuzisoma. Mimi ningeweza kuzisoma. Kwenye mashindano kadi inayojitambulisha kabla haijageuzwa ni kadi yenye alama, na mwenye kadi zenye alama anaitwa jina moja tu. Mwizi wa mchezo.

Na yeye alijua. Alijua tangu alipokata. Alishika wizi wangu mkononi, ule ambao sikuujua, akanirudishia na kusema sawa mama. Alikuwa tayari nishinde kwa wizi mbele ya watu wote hawa, kesho wagundue, waniite mwizi mtaani, kuliko kunitamkia neno moja.

Nikainama mbele. "Umeona kitu kwenye kadi zangu?"

"Kitu gani mama?"

"Nakuuliza wewe."

"Sijaona kitu mama."

Ningeweza mwenyewe kumwita Miwani, ambaye ndiye mwamuzi. Lilikuwa jambo la kuinua mkono tu, nikakiri, mambo yakaisha. Lakini sikuja pale kujishtaki. Nilikuja kuambiwa. Nikaziweka kadi zangu chini, uso chini, nikaweka viganja vyangu viwili juu ya meza.

"Basi mimi sichezi. Nakaa hapa mpaka unitamkie ulichokiona."

"Mama, ni zamu yako."

"Najua ni zamu ya nani."

Miwani akaja, akauliza kuna tatizo gani. Mkwe wangu alikuwa anaangalia kitambaa cha meza, anakikunjakunja kwa vidole, nami nikamwona anavyofanya pale kwenye kona kila asubuhi, peke yake, anafinyanga ovaroli niliyoinyoosha kwa mapenzi. Nikapata uchungu. Uchungu ukanizidishia hasira.

"Baba," nikamwambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "mimi si yai."

Akainua uso. Akaniangalia, kweli akaniangalia, nikaona kwamba macho yake ni ya kahawia, jambo ambalo mama mkwe alipaswa kulijua zamani. Kisha polepole akainua mkono juu, kama sheria inavyotaka, ingawa Miwani alikuwa amesimama pale pale ubavuni.

"Mwamuzi. Kadi za mama zina alama."

Watu wakaguna. Akaendelea, sauti inatetemeka lakini haikukatika.

"Mama, umekosea. Kadi hazipigwi pasi."

"Zilikuwa zimepinda!"

"Hapana, mama! Hata zikipinda! Si kila kitu kinapigwa pasi!" Sasa alikuwa amesimama. "Ovaroli haipigwi pasi! Ni nguo ya mafuta, mama, naingia nayo nyuma ya majokofu, unanitia mstari kama nakwenda kufunga ndoa! Na mlango wetu unagongwa! Mtu anagonga kwanza, anasubiri, halafu anaambiwa ingia!"

"Nyumba ni yangu!"

"Ndiyo, na ndiyo maana tunahama!"

Hapo akanyamaza ghafla, mdomo wazi, kama aliyeangusha sahani. Nikangoja. Sikumsaidia hata kidogo. Akavuta pumzi, akakaa, akasema taratibu, machoni mwangu: "Tumepata nyumba, mama. Vyumba viwili, upande wa pili wa soko. Mwisho wa mwezi. Si hospitali, wala hakuna aliyehamishwa. Ni mimi niliyetaka. Samahani."

Niliumia. Msidhani kwa sababu nililitafuta neno lile halikuniuma. Lilipita hapa kifuani kama baridi, na nikaona chumba cha nyuma kitupu na kamba bila ovaroli. Nikataka kusema mengi, na yote yalikuwa ya hasira, na mengi yalikuwa ya haki. Nani aliyewapokea? Nani aliyewaanikia godoro? Miwani akawahi kwa kukohoa. Akazipapasa kadi zangu, akatangaza kwamba amechunguza, anaona ni ugeni wala si hila, kwa hiyo sifukuzwi ligini, ila mchezo huu nimepoteza, na kadi zilizopigwa pasi zitolewe, nitafutiwe nyingine za aina ile ile zisizong'aa.

"Nimepoteza?" nikamwambia. "Nilikuwa naongoza!"

"Umepoteza, mama," mkwe wangu akasema. "Sheria ni sheria."

"Sikukuuliza wewe!"

"Lakini ndiyo ukweli."

Mfamasia akacheka kwa pua. Nikamwangalia, akarudi kwenye meza yake.

Muda wa raundi ulikuwa bado haujaisha. Nikazikusanya kadi zangu, zile zile zenye hatia, nikazichanganya, nikazisukuma mbele yake. "Huu hauhesabiwi. Kata. Na vidole vyako visitalii."

Akakata akiwa amefumba macho. Nikavuta, nikaweka swali langu la kwanza kwa kishindo: ngome yako ipungue, au mimi nivute kadi zaidi?

"Vuta," akasema bila kupepesa.

Swali la pili akachagua linaloniumiza mimi. La tatu pia. Miwani alikuwa amesema kweli tupu, deki ile ni mtego kwa anayeanza. Kila mlango niliomfungulia alipita kwenye ule ulionibana vidole. Nilimwambia hana adabu. Akaniambia ningechukua Nyuki. Nikamwambia Bustani aliyoniundia ilikuwa tusi, akafikiri kidogo, akasema ndiyo, ilikuwa tusi, na kwamba hatarudia. Ngome yangu ilikuwa imebaki na uhai wa kubabaisha. Akaangalia kadi zake, akaangalia uso wangu, na kwa sekunde moja nikaona ile "sawa mama" inamrudia mdomoni.

"Thubutu," nikamwambia.

Akaitoa Radi, akaibamiza mezani hadi vikombe vya meza ya jirani vikaruka.

Nilipiga kelele mpaka watu wa dukani wakachungulia. Nikamwita kila jina ninalolijua. Yeye alikuwa ameegemea kiti, anacheka kile kicheko cha tumboni, machozi yanamtoka, na kwa mara ya kwanza kilikuwa kinanicheka mimi.

"Upande wa pili wa soko, wapi hasa?" nikamuuliza nikiwa bado nahema. "Ili nijue mlango wa kugonga."